Kuku 71 mchana mmoja: joto la Dodoma na pakiti za vitamini

Idadi naitaja mapema ili mtu asije akadhani nafundisha kwa mafanikio. Niliingiza vifaranga 300 wa broila, yaani kuku wa nyama, wakafika siku ya 36 wakiwa 291, na siku hiyo hiyo ya 36, kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakafa 71. Mteja wangu wa chipsi kuku alikuwa aje kesho kutwa. Kwa bei ya 7,500 tuliyopatana hiyo ni 532,500 imelala chali kwenye maranda, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba vyombo vya maji vilikuwa na vitamini na elektrolaiti, yaani zile chumvi za mwili, nilichanganya mwenyewe asubuhi ile kabla ya kwenda kazini, maji yamegeuka njano safi kabisa kama soda ya nanasi.

Ndo maana mtu akiniuliza "we unatumia dawa gani ya joto" huwa nacheka kwanza alafu ndo namjibu.

Mi sio mzaliwa wa huku. Nilikuja na ofisi, lile wimbi la serikali kuhamia Dodoma, nikapata kiwanja Ihumwa, nikajenga, na kama mtumishi yeyote mwenye nafasi nyuma ya nyumba nikaweka banda. Nilikotoka ni Kilimanjaro upande wa juu, kule kuku ukisikia wanahangaika ujue baridi, bruda ya kuwapa vifaranga joto unawasha wiki na wiki. Kwa hiyo kichwani kwangu adui wa broila alikuwa baridi, na magonjwa ya koksi (ya kuhara) na gumboro. Joto nilijua ni shida yangu mimi, ya kulala bila shuka.

Alafu Dodoma inadanganya. Iko juu bana, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai usiku unatafuta sweta. Bechi yangu ya kwanza niliingiza Juni, nikauza wote wamebaki wachache tu wa kula nyumbani, nikajiona mtaalamu. Bechi ya pili Agosti, safi. Ya tatu nikaingiza mwanzoni mwa Oktoba ili watoke Novemba, na Novemba ya huku kama hujaikaa huwezi kuelewa, mvua bado mpaka Desemba, mawingu yanapita yanaenda zake, jua limesimama wima na upepo ukivuma unaleta vumbi tu na joto la kule ulikotokea.

Nilishasikia kwamba joto linaua broila, tena nilijiandaa kwa namna niliyojua. Nilienda duka la dawa za mifugo mjini nikaambiwa chukua hii, ina vitamini C, ina sodiamu, ina potasiamu, weka kwenye maji watapoa. Neno "watapoa" ndo lililoniponza. Nikalichukua kama lilivyo, kwamba ile pakiti ni kama feni ya kunywa.

Siku yenyewe nilikuwa kazini Mtumba. Saa nane hivi kijana anayenisaidia bandani akanipigia, "Bosi, kuku wanalala." Nikamuuliza wanalala vipi. "Wanalala tu bosi, hawaamki."

Sitasahau ukimya wa lile banda. Kuku karibu 300 unajua kelele zao, ile tititi ya mchana kutwa, sasa hakuna, kuna sauti moja tu kama mafuta yanayokaanga kitu chumba cha pili, kumbe ni pumzi zao. Walio hai wamekaa midomo wazi, shingo zimenyooshwa, mbawa wameziachanisha na mwili kama mtu aliyebeba ndoo mbili, na ngozi ya kooni inacheza chap chap chap haina kupumzika. Waliokufa wengi walikuwa wamerundikana ukuta wa magharibi, na kuku aliyekufa kwa joto ukimshika unashtuka maana ni wa moto kuliko aliye hai. Nikiweka mkono kwenye chombo cha maji, maji yana joto la kunawia mikono mgeni. Tenki langu jeusi la lita 1,000 lilikuwa juani tangu asubuhi. Yaani vitamini zangu zote na elektrolaiti zangu zote zilikuwa ndani ya maji ambayo hakuna kuku anayetaka kuyanywa.

Na vyombo vya chakula vimejaa. Kijana aliona hawali, akadhani finisha, chakula cha kumalizia kuku wakubwa, imechakaa, saa sita mchana akawamwagia mpya na kutikisa vyombo ili waje. Nao walikuja. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe ningefanya vile vile, asiyekula si anabembelezwa?

Nikafanya kosa la mwisho hapo hapo. Nikachukua ndoo nikaanza kumwaga maji sakafuni, kwenye maranda, kila mahali, na bati liko juu linawaka na madirisha nimeyaziba nusu kwa viroba kuzuia vumbi. Ndani ya dakika kumi banda limekuwa kama sufuria ya ubwabwa iliyofunikwa. Hewa nzito, harufu ya mkojo inachoma macho. Bila shaka wapo waliokufa kwa sababu ya zile ndoo.

Jioni tukachimba shimo. Jamaa mmoja wa bodaboda akaja kuniambia kwa sauti ya chini, bosi usiwatupe, kuna watu wanachukua kwa 2,000 wanaenda kukaanga, hakuna atakayejua. Nikamwambia nitajua mimi.

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake asubuhi, nikawa nimemwekea wawili. Akawapasua juu ya ndoo. Kifua kikiwa wazi akaniita nisogee, akaniambia angalia hii nyama, si unaiona? Ilikuwa imepauka, nyeupe nyeupe, kama kuku aliyetokoswa kidogo akatolewa kabla hajaiva. Akasema huyu hajaugua, huyu ameivia ndani ya manyoya yake.

Alafu akakaa kwenye kiroba cha chakula akanieleza mambo ambayo duka halikuniambia. Kuku hana jasho. Mwili wake kawaida uko kama nyuzi 41, ikizidi 46 hana maisha, na njia yake kubwa ya kutoa joto likizidi ni kuhema, maji yanakauka kwenye koo na mapafu yanaondoka na joto. Sasa akihema hovyo anatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, damu inaharibika mizani, inakuwa ya magadi magadi, mwili unajaribu kurekebisha kwa kukojoa baikaboneti na potasiamu. Kwa hiyo anapoteza maji na chumvi za mwili huku anahitaji kunywa sana. Hapo ndo elektrolaiti inapoingia, inarudisha kilichotoka na inamfanya anywe zaidi. Haimpozi. Anayempoza ni maji, hewa inayotembea, na tumbo tupu.

Tumbo tupu ndo liliniingia kichwani. Broila ni mashine ya kula, na kusaga chakula kwenyewe kunazalisha joto, na joto hilo halitoki pale anapokula, linapanda saa kadhaa baadaye. Wangu walikula saa sita. Joto la tumboni likakutana na joto la bati saa nane na saa tisa, mtu na pacha wake. Ndo maana pia wanaokufa ni wakubwa walionona, wale wa wiki ya tano na ya sita, siku mbili kabla hujapokea hela. Kifaranga wa wiki mbili siku ile ile angekuangalia tu.

Nikamuuliza na vitamini C je, ni uongo wa biashara? Akasema sio uongo. Kuku, tofauti na mimi na wewe, anajitengenezea vitamini C mwenyewe mwilini, kwenye figo, kwa hiyo siku za kawaida hana haja ya kupewa. Joto likimkaba matumizi yanazidi anachotengeneza, na hapo ukimwongezea anasaidika, anakula vizuri kidogo na kinga haishuki sana. Kipimo alichonipa ni miligramu 250 kwa kila kilo ya chakula. Tukapiga hesabu: kuku 300 wa wiki ya tano wanakula kama kilo 45 kwa siku, hiyo ni gramu 11 na kidogo za vitamini C tupu, kijiko kimoja cha chakula hakijajaa. Nikaangalia pakiti yangu ya njano, vitamini C iliyomo ilikuwa kidogo kiasi kwamba ningehitaji pakiti kibao kwa siku kufikia pale. Tangu hapo nasoma nyuma ya pakiti kabla ya kusoma mbele.

Na akaniambia kitu kuhusu maji ya vitamini kwamba yanakufa. Vitamini C ikikaa kwenye maji ya moto, kwenye mwanga, kwenye chombo cha bati, inaharibika haraka. Mi nilikuwa nachanganya saa kumi na mbili asubuhi ya siku nzima. Kufikia saa nane nadhani iliyobaki ilikuwa rangi.

Sasa kuna habari ya magadi, hii mke wangu anapenda kuisimulia wageni.

Kwa ajili ya bechi iliyofuata daktari alinitajia sodiamu baikaboneti, gramu 2 kwa lita ya maji, siku za joto kali tu. Akasema ni ile ya kuumulia keki, inapatikana dukani. Nikarudi nyumbani nikamuuliza mama jirani yangu, mama mtu mzima wa Kigogo, yeye kuku wake wa kienyeji wako juu ya miti mchana kutwa wala hawajui kuna joto. Shikamoo mama, baikaboneti ni kitu gani kwa lugha yetu? Akafikiri, akauliza inafanya nini, nikamwambia ni soda soda hivi, inaumua. "Si magadi hayo mwanangu, mbona tunayo." Akanikatia bonge kutoka kwenye kopo lake, yale anayotia kwenye mlenda.

Nikayasaga, nikapima gramu zangu 2 kwa lita kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, nikajiona mwanasayansi. Kuku wakaja, wakachovya midomo, wakatikisa vichwa kama waliochomwa, wakarudi nyuma. Mmoja akafuta mdomo kwenye maranda huku na huku. Saa nzima hakuna aliyekunywa na jua linapanda. Nikampigia daktari, nasikia anacheka mpaka anakohoa, akasema mwaga, mwaga sasa hivi. Magadi na beking soda ni ndugu lakini sio mtu mmoja. Magadi ya kupikia yanatoka ardhini kama yalivyo, ni makali zaidi, na yanaweza kuja na floraidi nyingi ndani, hujui unampa kuku nini. Hata beking pauda siyo, ile ina vitu vingine vya kuumulia. Ni beking soda, ile unga mweupe laini, tena upime kwa mizani. Mama jirani nilipomrudishia mrejesho akasema basi kuku zako zina madaha, sisi tumeyala miaka yote.

Na ubuyu pia nilijaribu, nisiwafiche. Huku mbuyu uko kila kona na kila mtu anajua unga wa ubuyu una vitamini C kuzidi chungwa, nikaona kwa nini ninunue ya dukani. Nikaloweka, nikachuja kwa kitambaa, nikawapa. Walikunywa vizuri tu, hilo nakiri. Lakini kufika mchana vyombo vina utelezi, kesho yake nzi, na kusugua vyombo kumi na mbili kila jioni kijana wangu alianza kunijibu kwa mkato. Alafu kipimo hakishikiki, ubuyu wa mti huu na wa mti ule sio sawa, uliokaa gunia miezi sita jikoni nao ni mwingine. Nikaacha, ubuyu tunakunywa sisi. Vitamini C ya unga ya dukani nachanganya kwenye chakula cha jioni, kidogo kidogo, kwanza na kilo moja ya chakula ndo naitawanya kwenye kingine, maana ukimwaga kijiko kwenye kiroba kizima kuna kuku watakula gramu nzima na wengine watasikia harufu.

Ila kitu kilichonichelewesha kuliko vyote ni maji yetu. Hapa kwangu natumia kisima, na visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, chai tu inakwambia, birika linajenga ukuta mweupe ndani. Bechi ya nne nikawa nawapa elektrolaiti kila siku Oktoba nzima, kwa woga wa yaliyonipata, na vinyesi vikawa maji matupu, maranda yanalowa siku mbili tu, amonia (ile harufu kali ya kinyesi), macho yanatoka machozi, ya kuku na yangu. Nikadhani koksi. Nikanunua dawa ya koksi, hela nyingine. Daktari alipokuja hakugusa kuku, alienda kwenye bomba la kisima akakinga maji mkononi akaonja akatema. "Maji yako ni elektrolaiti tayari." Kuku wanakula chumvi kwenye chakula, wanakunywa chumvi kwenye maji ya kisima, na juu yake mimi nawawekea sodiamu kwa kijiko, wafanyeje zaidi ya kunywa na kuhara? Toka siku ile dawa ya maji, yaani elektrolaiti, nachanganya kwenye maji ya bomba niliyokinga siku ya mgao kwenye madumu, ya kisima ni ya kuoshea na kulowesha viroba. Na sitoi kila siku, natoa zile siku tatu nne ambazo kipimajoto cha bandani kinapita 32, asubuhi kabla joto halijafika mpaka alasiri, jioni wanarudi kwenye maji matupu.

Na kwa kuwa tumetaja koksi, kabla ya kuwapa dawa yoyote ya koksi msimu wa joto uliza kama ina naikabazini. Hiyo inajulikana kuongeza vifo kwenye joto. Muuzaji asipojua, soma mwenyewe.

Haya, banda. Nililijenga vibaya tangu msingi, marefu yake yanatoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia upande huu na la jioni upande ule, na ukuta wa magharibi waliporundikana wengi wa wale 71 ndo uliokuwa unapikwa tangu saa sita. Lingekaa mashariki kwa magharibi jua lingepita juu ya paa tu. Kuligeuza siwezi. Nilichofanya nimebomoa ukuta wa magharibi ukabaki kozi tatu za tofali, juu waya, nikashusha kibaraza cha makuti na nyasi mbele yake. Bati nimepaka chokaa nyeupe, inabidi urudie kila mwaka maana mvua za Januari zinaiosha. Viroba vya katani nimevitundika upande upepo unakotokea na vinaloweshwa, na hapa ndo Dodoma inalipa madhambi yake, kwa sababu Oktoba na Novemba hewa ni kavu sana, kiroba kilicholowa kinapoza upepo mpaka wewe mwenyewe unatamani kukaa pale. Ujanja huo huo ukiufanya Februari mvua zimeshachanganya hewa imejaa maji haufui dafu. Na maji hayamwagwi sakafuni, narudia, hayamwagwi sakafuni.

Idadi nayo nilipunguza. Banda ni mita za mraba 24, na wale 300 walikuwa zaidi ya 12 kwa mita. Sasa nikijua watatoka Oktoba mpaka Desemba naweka 200. Mke wangu alilalamika kwamba tunapunguza biashara, nikamwonyesha lile shimo.

Tenki limefungwa magunia na liko chini ya mwembe. Chupa sita za lita moja na nusu zinalala kwenye friza, saa tano naziweka kwenye madumu, umeme ukikatika usiku ndo basi tena siku hiyo hakuna barafu, maisha ya kwetu mnayajua.

Chakula kinaondolewa saa nne asubuhi. Kinarudi saa kumi jioni, siku ya joto kali sana saa kumi na moja. Na taa inawaka sehemu ya usiku ili walipe deni la mchana, kuku wa nyama usiku wenye upepo wa Dodoma anakula kama alikuwa amefunga. Jihadhari tu na ule muda wa kurudisha, wanakuja kwa vurugu wanakanyagana, inabidi vyombo viwe vingi na uviweke vyote kwa wakati mmoja, sio unapeleka kimoja kimoja, niliwahi kupoteza watatu kwa kukanyagwa wakati joto lenyewe limeshaisha.

Sasa baada ya yote haya mtu ana haki ya kuuliza, hizo pakiti zina kazi au hazina. Bechi ya tano nilipoteza wanne tu kati ya 200, Novemba ile ile, lakini nilikuwa nimebadilisha vitu saba kwa mpigo, nikisema ni vitamini nitakuwa kama yule muuzaji. Jibu nililipata kwa bahati mbaya bechi ya sita. Nilisafiri msibani wiki nzima, wiki ya joto kabisa, kijana akafuata kila kitu, chakula saa nne, viroba, barafu, ila dawa ya maji na vitamini C hakuweka hata siku moja kwa sababu nilifungia kabatini na ufunguo nikaondoka nao. Nilirudi nikiwa nimejiandaa kwa shimo. Wamekufa sita. Sita tu. Ila nilipowapandisha mizani walikuwa wepesi, ile bechi ya nyuma siku kama ile walikuwa wanacheza kilo mbili, hawa moja na robo tatu, na chakula kilichobaki stoo kilikuwa kingi kuliko nilivyotarajia, yaani walikuwa hai lakini walikula kwa kujilazimisha. Mteja wa chipsi akawashika mmoja mmoja akasema hawa umewakimbiza mbio?

Kwa hiyo mimi kwa uzoefu wangu wa banda hili moja naona hivi, uhai wa kuku uko kwenye kivuli, maji baridi, hewa na saa ya kula, na vitamini na elektrolaiti ziko kwenye mizani, kwenye ile robo kilo ambayo mteja anaihisi mkononi. Robo kilo mara kuku 190 ni kilo 47 na nusu za nyama, na gharama ya vitamini C na beking soda ya wiki moja haifiki bei ya kuku wawili. Naendelea kununua. Ila siku nina hela ya kitu kimoja tu nanunua magunia.

Kuna mtumishi mwenzangu yuko Nala ameingiza 500 juzi, alinipigia jana anataka jina la ile dawa ya njano. Nikamwambia kabla ya dawa nenda saa nane mchana kaweke mkono kwenye chombo cha maji alafu unipigie. Hajapiga bado. Na mimi hapa ni saa nne kasoro dakika kumi, chokaa ya mwaka huu upande wa magharibi bado sijarudia, kijana ameshaanza kunyanyua vyombo vya chakula nasikia wanavyomzomea.